Kusoma Ramani ya Malaria: Kati ya Wangapi, Wapi na Lini

Kila mwezi, zahanati, vituo vya afya na hospitali hujumlisha wagonjwa waliohudumiwa na kutuma hesabu hiyo kwenye mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Kenya imekuwa ikiutumia mfumo huo kwa njia ya mtandao tangu mwaka 2011. Takwimu hizi hutumika kupanga mahali pa kupeleka vyandarua, dawa na vifaa vya kupimia malaria, na hata mahali pa kujenga zahanati mpya. Kijiji kisichoonekana kwenye takwimu si rahisi kukumbukwa wakati wa kugawa rasilimali.

Ndiyo maana inafaa kila mkazi aelewe namna takwimu za afya zinavyosomwa. Somo hili linatumia malaria kama mfano, kwa kuwa ni ugonjwa unaojulikana katika kila kaya ya Pwani, na kwa kuwa Kilifi ni miongoni mwa sehemu za Afrika ambako ugonjwa huu umechunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Maswali ya kuuliza ni matatu: wagonjwa hawa ni kati ya watu wangapi? Wanatoka wapi? Waliugua lini?

KATI YA WANGAPI?

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba katika mwezi mmoja kaunti ndogo ya Malindi imeripoti wagonjwa 100 wa ugonjwa fulani, na Kauma imeripoti wagonjwa 20. Anayetazama idadi pekee atasema Malindi ina tatizo kubwa mara tano kuliko Kauma.

Sasa tuweke idadi ya watu. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, Malindi ilikuwa na wakazi 333,226 na Kauma wakazi 22,638. Wagonjwa 100 kati ya watu 333,226 ni sawa na wagonjwa 30 kwa kila watu 100,000. Wagonjwa 20 kati ya watu 22,638 ni sawa na wagonjwa 88 kwa kila watu 100,000. Kumbe uwezekano wa mkazi wa Kauma kuugua ni karibu mara tatu ya ule wa mkazi wa Malindi.

Hesabu zote mbili zina kazi yake. Idadi ya wagonjwa humwambia msimamizi wa stoo apeleke dozi ngapi za dawa, na bila shaka Malindi itahitaji dozi nyingi zaidi. Kiwango kwa kila watu 100,000 humwambia daktari wa afya ya umma ni wapi watu wako katika hatari zaidi na kwa hiyo sababu yake itafutwe wapi. Kosa ni kutumia hesabu moja kujibu swali la nyingine.

Kuna tahadhari moja. Eneo likiwa na watu wachache, kiwango chake hupanda na kushuka upesi. Katika kijiji cha watu 200, mgonjwa mmoja tu akiongezeka, kiwango hupanda kwa wagonjwa 500 kwa kila watu 100,000. Kwa sababu hiyo wataalamu hawakimbilii kupaka rangi nyekundu kijiji kidogo kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Hutazama miezi kadhaa, au hukilinganisha na vijiji jirani, kabla ya kutoa uamuzi.

UMBALI HUFICHA UGONJWA

Swali la wapi lina mtego wake. Takwimu za zahanati huhesabu watu waliofika zahanati. Mgonjwa aliyebaki nyumbani hahesabiwi, na mara nyingi anayebaki nyumbani ni yule anayeishi mbali, asiye na nauli ya bodaboda, au ambaye barabara yake hukatika mvua ikinyesha.

Chukua mfano mwingine wa kubuni. Kijiji cha kwanza kiko karibu na zahanati. Katika mwezi mmoja watoto 80 wenye homa waliletwa, wakapimwa, na 16 wakakutwa na malaria. Kijiji cha pili kiko kilomita 9 kutoka zahanati hiyo hiyo. Watoto waliofikishwa ni 15 tu, na 9 kati yao walikutwa na malaria.

Kwa idadi, kijiji cha kwanza kinaongoza, 16 kwa 9. Lakini kati ya watoto wa kijiji cha kwanza waliokuwa na homa, asilimia 20 walikuwa na malaria. Katika kijiji cha pili ni asilimia 60. Dalili ni kwamba malaria imekithiri zaidi kijiji cha mbali, na huenda kuna watoto wengine huko ambao hawakuletwa kabisa. Kwa kuwa watoto waliopimwa kutoka huko ni wachache, asilimia hiyo inahitaji kuthibitishwa kwa kutazama miezi mingine au kwa kwenda kupima kijijini. Hata hivyo inatosha kumfanya afisa wa afya aulize.

Jambo la kukumbuka ni hili: kuhesabu waliokutwa na malaria kati ya wote waliopimwa kwa sababu ya homa hupunguza upotofu unaoletwa na umbali. Hesabu hiyo haiwezekani ikiwa zahanati haikuandika waliopimwa na kukutwa salama. Jibu la kipimo linalosema hakuna malaria ni taarifa muhimu kama lile linalosema ipo.

YALIYOGUNDULIWA KILIFI

Mpango wa utafiti wa KEMRI-Wellcome Trust ulianzishwa mjini Kilifi mwaka 1989. Mwaka 2000 ulianza kuorodhesha watu wote katika eneo la kilomita 891 za mraba linalozunguka hospitali ya Kilifi. Maboma yalichorwa kwenye ramani kwa vifaa vya GPS, na wahoji wakawa wanarudi kila baada ya miezi michache kuandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama. Kufikia mwaka 2011 orodha hiyo ilikuwa na watu wapatao 260,000. Mtoto akilazwa hospitalini, kumbukumbu zake huunganishwa na orodha, na hivyo hujulikana anatoka boma gani.

Kwa kutumia kumbukumbu za aina hii, watafiti wakiongozwa na Philip Bejon walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa maboma yapatayo 1,500 ya hapa Pwani. Kwa kila boma walipima mambo mawili: ni sehemu gani ya watoto wenye homa waliokutwa na malaria, na wastani wa umri wa watoto waliougua malaria.

Waligundua kwamba vipimo hivyo viwili huenda kinyume. Mahali ambapo sehemu kubwa ya homa ni malaria, wanaougua huwa ni watoto wadogo zaidi. Sababu yake ni kinga. Mtoto anayeumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara huugua mapema, na mwili wake hujifunza mapema kupambana na vimelea. Penye mbu wachache wenye vimelea, mtoto huchelewa kukutana na ugonjwa na huchelewa kupata kinga, kwa hiyo wanaougua huwa wakubwa kidogo. Hii ndiyo sababu umri wa mtoto kuandikwa sawasawa kwenye rejista si jambo la kupuuza. Wastani wa umri wa wagonjwa hueleza ukali wa maambukizi katika eneo lao.

Ugunduzi wa pili ulihusu maeneo ambako malaria hujikusanya kuliko kwingine, yaani vitovu vya maambukizi. Watafiti walivipata kila walipobadilisha ukubwa wa eneo walilotazama. Ndani ya kitovu kikubwa kulikuwa na vitovu vidogo, na ndani ya vidogo vingine vidogo zaidi, hadi kufikia boma moja. Maana yake ni kwamba wadi inayoonekana kuwa na malaria ya wastani inaweza kuwa na kijiji kinachoteseka sana na kingine kisicho na tatizo kubwa. Wastani wa wadi huvifunika vyote viwili kwa rangi moja.

Kwa nini boma moja lizidiwe na jirani yake lisizidiwe? Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, na kwa kawaida hawaendi mbali sana ikiwa damu ipo karibu. Boma lililo karibu na bwawa, shimo la kuchimbia udongo au bonde linalotuamisha maji lina hatari kubwa zaidi. Nyumba yenye nafasi wazi kati ya ukuta na paa hupitisha mbu kwa urahisi. Matumizi ya vyandarua pia hutofautiana nyumba hadi nyumba. Tofauti kama hizi hazionekani kwenye ramani ya kaunti nzima.

LINI?

Ugunduzi wa tatu wa utafiti huo unatuingiza kwenye swali la wakati. Vitovu vya homa ya malaria havikutulia. Sehemu iliyokuwa na wagonjwa wengi kipindi kimoja haikuwa lazima iwe nao kipindi kilichofuata. Watafiti waliona kwamba maeneo yenye nusu kipenyo cha kilomita 4 yangeweza kulengwa kwa mwezi mmoja baada ya kuchunguzwa kwa mwezi mmoja. Ramani ya mwaka jana, hata ikiwa imechorwa vizuri, inaweza kumpeleka mpulizaji dawa kwenye mlango usio sahihi.

Wakati una mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, majira. Malaria hufuata mvua, lakini haiji siku moja nayo. Mvua ikinyesha, mayai ya mbu huchukua wiki moja hadi mbili kuwa mbu kamili. Mbu akinyonya damu yenye vimelea, huchukua takriban wiki mbili hivi kabla ya kuweza kuambukiza. Mtu akishaumwa, kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya siku 10 hadi 15. Ukijumlisha, wagonjwa huongezeka mwezi mmoja hadi miwili baada ya mvua. Kwa hiyo Juni isilinganishwe na Februari. Ilinganishwe na Juni za miaka iliyopita.

Pili, urefu wa kipindi. Kati ya mwaka 2003 na 2007, watoto waliolazwa katika hospitali ya Kilifi wakiwa na vimelea vya malaria walipungua kutoka 18.43 hadi 3.42 kwa kila watoto 1,000. Aliyetazama miaka hiyo pekee angeweza kuamini kwamba malaria inakwisha. Uchunguzi wa baadaye, uliotazama miaka 25 kuanzia 1990 hadi 2014, ulionyesha kwamba baada ya kushuka huko ugonjwa ulianza kupanda tena, na kwamba waliolazwa sasa walikuwa watoto wenye umri mkubwa zaidi kuliko zamani.

Tatu, ripoti zilizokosekana. Ikiwa zahanati 3 kati ya 10 hazikutuma ripoti kwa sababu ya mgomo, mtandao au upungufu wa wahudumu, jumla ya wagonjwa itashuka hata kama ugonjwa umepanda. Kabla ya kushangilia kushuka kwa takwimu, uliza ni vituo vingapi vilivyoripoti.

Nne, ugonjwa wenyewe huweza kuwa umeanza kupungua kabla ya hatua kuchukuliwa. Mfano maarufu ni wa kipindupindu jijini London mwaka 1854. Daktari John Snow aliweka alama kwenye ramani kwa kila kifo, na vifo vikaonekana kukusanyika karibu na pampu ya maji ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani, ambao walipewa bia na hawakuhitaji maji ya pampu, walisalimika. Tarehe 8 Septemba mkono wa pampu uliondolewa. Lakini hesabu ya vifo kwa siku inaonyesha kwamba kilele kilikuwa kimepita siku kadhaa kabla, na wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia mtaa huo. Ramani ilionyesha chanzo kwa usahihi. Ni kalenda iliyozuia sifa yote ya kupungua kwa vifo kupewa hatua ile moja.

KUTABIRI KABLA YA UGONJWA KUFIKA

Mahali na wakati vikisomwa pamoja, ugonjwa unaweza kuonekana ukiwa njiani. Mwaka 2006, wanasayansi walitazama joto la bahari, mvua na ukijani wa mimea kwa kutumia setilaiti, wakatoa tahadhari ya homa ya Bonde la Ufa katika Afrika Mashariki. Majuma machache baadaye ugonjwa ulizuka Garissa, kisha ukafika Pwani na sehemu nyingine za nchi. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walifariki.

Somo la mkasa huo ni kwamba tahadhari huokoa watu tu ikiwa inamfikia mfugaji na mhudumu wa afya mapema, na ikiwa chanjo ya mifugo na maelezo ya kinga vinafika kabla ya mafuriko kufunga barabara.

RAMANI HAITIBU

Inafaa pia kusema mipaka ya njia hii. Huko Rachuonyo Kusini, katika Kaunti ya Homa Bay, watafiti walijaribu kuelekeza nguvu kwenye vitovu vya malaria. Walipuliza dawa ndani ya nyumba, wakagawa vyandarua, wakaua viluwiluwi vya mbu na kutibu watu wa vitovu hivyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba malaria ilipungua katika maeneo yaliyozunguka vitovu, na nafuu iliyoonekana ndani ya vitovu vyenyewe ilikuwa ndogo na haikudumu.

Kwa hiyo, kujua palipozidi malaria si ruhusa ya kuacha sehemu nyingine. Vyandarua, vipimo na dawa vinahitajika na kila kaya iliyo katika eneo la malaria. Ramani husaidia kuamua ni wapi nguvu za ziada ziende kwanza, na ni wapi waende watu wa kuuliza kwa nini.

MKAZI AFANYE NINI?

Takwimu sahihi huanzia kwa mgonjwa. Wakazi wanahimizwa kufanya yafuatayo:

1. Taja kijiji unakoishi sasa. Wengi hutaja kwao walikozaliwa, au hutaja mji mkubwa ulio karibu. Mtoto aliyeugua kijijini akiandikwa kuwa wa mjini, ugonjwa wake huhesabiwa mjini.

2. Taja umri halisi wa mtoto. Beba kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto.

3. Mweleze mhudumu ikiwa mgonjwa alisafiri katika wiki chache zilizopita. Huenda alipata malaria kwingine.

4. Peleka mwenye homa akapimwe ndani ya saa 24, badala ya kununua dawa dukani bila kipimo. Malaria inaweza kuua mtoto mdogo kwa muda mfupi. Zaidi ya hayo, homa iliyotibiwa kwa kubahatisha haiingii kwenye takwimu.

5. Mpe ushirikiano mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea boma lako. Ndiye anayewafikia wasiofika zahanati.

6. Uliza maswali katika vikao vya ushirikishaji wa umma. Ukionyeshwa takwimu za wadi yako, uliza: ni kati ya watu wangapi, ni kutoka vijiji gani, ni za kipindi gani, na ni vituo vingapi vilivyoripoti? Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali.

Haki hiyo haimaanishi kufichua siri za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Ramani inayotolewa kwa umma haipaswi kuonyesha boma la mgonjwa kwa namna ya kumtambulisha. Huonyesha kijiji, kata ndogo au wadi, na majina hubaki kwenye rejista.

ZOEZI

Zahanati moja (ya kubuni) iliripoti wagonjwa 40 wa malaria mwezi Mei, baada ya kupima watu 100 wenye homa. Mwezi Juni iliripoti wagonjwa 30, baada ya kupima watu 50, kwa kuwa vifaa vya kupimia viliisha katikati ya mwezi. Je, malaria imepungua?

Jibu: Haiwezi kusemwa kwamba imepungua. Wagonjwa wameshuka kutoka 40 hadi 30, lakini kati ya waliopimwa, waliokutwa na malaria wamepanda kutoka asilimia 40 hadi asilimia 60. Huenda watu 50 au zaidi waliokuwa na homa hawakupimwa mwezi Juni. Hatua ya kwanza ni kupeleka vifaa vya kupimia. Ya pili ni kulinganisha na Juni za miaka iliyopita. Ya tatu ni kutazama kwenye rejista waliokutwa na malaria wanatoka vijiji gani, ili mhudumu wa afya ya jamii aanzie huko.